Barabara kuu: ipite katikati ya Bagamoyo au izunguke mji?

Zamani aliyekuja Bagamoyo alikuwa amefika. Lami kutoka Dar es Salaam kwa njia ya Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga ilikuwa ikiishia hapa, na kuendelea mbele ilikuwa shughuli ya vumbi kiangazi na matope masika. Lami ya kwenda Msata, kilomita 64, imebadilisha mambo. Leo mtu anayetoka Tanga, Moshi au Arusha anaweza kuiacha Chalinze, akakunja Msata na kuingia Dar kupitia kwetu. Ipo pia barabara ya pwani, ile ya kilomita 256 kutoka Tanga kupitia Pangani na Saadani hadi Makurunge na Bagamoyo, ambayo ni kipande cha ushoroba unaoanzia Malindi na Mombasa nchini Kenya. Ongeza bandari ya Mbegani inayozungumzwa tangu 2013. Ukiyajumlisha hayo unaona wazi kwamba magari yatakayopita hapa hayatakuwa ya kuja sokoni na kurudi nyumbani. Yatakuwa malori ya masafa marefu.

Kwa hiyo mjadala wa barabara kuu kupita mjini au kuuzunguka mji unatuhusu, na unazihusu pia Muheza, Korogwe, Pangani na kila mji mdogo uliokaa juu ya lami ya watu wanaokwenda kwingine. Nimeuweka hapa upande kwa upande ili mwenye fremu, mwenye bodaboda, mwenye nyumba na mzazi mwenye watoto shuleni ajue anachagua nini. Na sitaficha ninakoegemea.

Njia mbili zinazolinganishwa

Ya kwanza ni kuiacha barabara ilipo na kuiboresha: kuipanua, kuijengea njia za waenda kwa miguu, kuiwekea vivuko vya pundamilia, matuta, taa na mitaro inayofanya kazi. Ya pili ni mchepuko, yaani barabara mpya inayoacha ile ya Dar kabla ya mji, ikapita upande wa magharibi na kutokea upande wa Makurunge bila kugusa mtaa wa maduka.

Ukisikiliza vijiweni, wengi wanaoitetea ya kwanza ni wafanyabiashara, na wengi wanaoitetea ya pili ni wazazi na wakazi waliochoka na honi. Wote wana hoja. Ila mara nyingi hoja zenyewe hazikutani, kwa sababu kila upande unazungumzia magari ya aina tofauti bila kusema hivyo.

Biashara: ni gari gani linaloleta hela?

Hapa ndipo penye uzito, kwa hiyo tukae kidogo.

Litazame basi linapoingia stendi yoyote ya mkoa huu wa pwani. Halijasimama sawasawa, vijana wameshafika madirishani: korosho kwenye vipakiti, maji ya baridi, mayai ya kuchemsha na chumvi iliyofungwa kwenye kipande cha karatasi, nanasi la Kiwangwa lililokatwa likatiwa kwenye mfuko. Abiria anatoa elfu moja, chenji inarudi basi likiwa limeshaanza kuondoka, kijana anakimbia nalo hatua kadhaa. Wanaoshuka wanatafuta choo, chai, vocha, kisha bodaboda ya kuwafikisha nyumbani. Kila mmoja wao ameacha kitu mjini.

Sasa litazame lori la makontena. Dereva yuko juu, utingo anaangalia mbele, na pembeni hakuna nafasi ya kuegesha gari la urefu ule. Hata akisikia harufu ya pilau hawezi kusimama. Dereva wa lori anahitaji uwanja mpana wa kuegesha, mlinzi, bafu, ugali wa kushiba na gesti isiyo mbali na gari lake. Vitu hivyo vinapatikana Chalinze na Segera, penye njia panda na nafasi. Mtaa wa katikati wa mji mdogo hauwezi kumpa. Kwa hiyo lori linatuletea moshi, mtikisiko na foleni, halafu hela zake linakwenda kuziacha kwingine.

Kuna kundi la tatu, nalo ndilo kubwa kuliko yote ingawa halizungumzwi: watu wa Kiromo, Makurunge, Kaole na vijiji vya jirani wanaokuja Bagamoyo kwa sababu ya soko, hospitali, benki na ofisi za wilaya. Hawa watakuja barabara kuu ikiwepo au isiwepo. Watalii wanaokuja kuona Ngome Kongwe, Caravan Serai na magofu ya Kaole nao ni hivyo hivyo. Safari yao inaishia hapa.

Nchini Marekani jambo hili limechunguzwa kwa miongo kadhaa, katika majimbo kama Wisconsin na Texas, na picha iliyojitokeza inafanana na hii. Wanaoumia kwanza barabara inapozunguka mji ni wanaotegemea mpita njia: vituo vya mafuta, migahawa ya haraka na nyumba za kulala wageni. Maduka yanayohudumia wenyeji huyumba kidogo tu, na mengine hufaidika kwa sababu mteja anaweza kuegesha gari na kuvuka barabara bila hofu. Vijiji vidogo sana, vyenye wakazi mia kadhaa tu, ndivyo vinavyoathirika zaidi, kwa kuwa havina sababu nyingine ya kumvuta mtu. Bagamoyo inazo sababu hizo. Njia panda iliyozaliwa na barabara peke yake, kama Segera, ingekuwa na mengi zaidi ya kuogopa.

Kwa hiyo kwenye biashara, kuiacha barabara mjini kunashinda kwa jambo moja tu, ambalo ni basi. Kwa lori hakuna ushindi wowote.

Tumeshawahi kuzungukwa

Wanaosema mchepuko utaua mji wana historia inayowaunga mkono. Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Ujiji iliishia kwenye fukwe zetu, na wapagazi kwa maelfu walipanga, wakala, wakauza na kununua hapa. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam. Halafu ikaja reli ya kati, iliyoanza kujengwa 1905, lakini ikaanzia Dar es Salaam: ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Mzigo uliokuwa ukitembea kwa mabega ya watu kuja Bagamoyo ukapakiwa kwenye mabehewa. Nyumba za matumbawe na chokaa za Mtaa wa India zikabaki na milango yao ya kuchonga, wenye mali wakaondoka.

Muheza ilipata kinyume chake. Reli ya Tanga ilianza 1893, na kipande cha kwanza cha kilomita 40 kilifika Muheza 1896, kikakwama hapo kwa muda kabla ya kuendelea hadi Korogwe. Muheza ikawa mwisho wa reli, na mwisho wa reli ni mahali pa kushusha mizigo, kulala na kuuza.

Mifano hii miwili inaonyesha kwamba faida ya mji inatoka pale chombo kinaposimama. Kupita peke yake hakutoshi. Mzigo wa karne ya 19 uliishia Bagamoyo, ndiyo maana kuondoka kwake kulituumiza. Lori la Mombasa halitaishia Magomeni, kata yetu hapa Bagamoyo, hata tukilipanulia barabara njia nne. Huko Pangani wenzetu wanalifahamu hili kwa karibu: biashara nyingi za pembeni ya kivuko ziliishi kwa sababu watu walikuwa wakisubiri, na daraja la mita 525 linaondoa kusubiri huko. Anayeuza chai gatini ana haki ya kuuliza atauza wapi, ila hakuna atakayesema daraja lisijengwe ili abiria waendelee kungoja.

Usalama

Hapa sitarefusha, kwa sababu hakuna mizani ya kubishania sana. Kwenye maeneo ya makazi mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali za vifo huongezeka kwa takriban asilimia 4. Lori lililobeba mzigo kamili linahitaji umbali mrefu kusimama, na mtoto wa darasa la pili havuki kwa hesabu. Matuta husaidia, lakini kila tuta ni breki, gia na moshi mbele ya mlango wa mtu, usiku na mchana.

Mchepuko hata hivyo una hatari zake, na wanaoupigia debe huwa hawazitaji. Barabara mpya iliyonyooka hukimbiliwa. Ikikata kati ya kijiji na mashamba yake, watu watavuka kwa miguu, kwa baiskeli na kwa bodaboda mahali pasipo na taa wala kivuko, na magari yatakuwa kwenye mwendo wa 80 na zaidi. Mchepuko usio na vivuko vya watu na mifugo, wala njia za pembeni, unahamisha vifo kutoka kwa mtu wa mjini kwenda kwa mtu wa shambani. Michoro ikibandikwa, hilo liwe jambo la kwanza kuangaliwa.

Uzito juu ya lami na kuta za zamani

Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, ya 2016, inaruhusu lori hadi tani 56. Majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kuwa uharibifu wa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Maana yake, ekseli ya tani 10 huila lami karibu mara 10,000 kuliko ekseli ya tani 1. Magari madogo ya mji mzima hayawezi kuharibu kwa mwaka kile ambacho msururu wa malori unakifanya kwa siku chache.

Kwetu kuna la ziada. Mji Mkongwe umejengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, ambayo Bagamoyo ni mlango wake, iko kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006. Barabara kuu haipiti Mtaa wa India wenyewe, na hiyo ni bahati. Lakini foleni ikizidi, madereva hutafuta vichochoro, na kuta zile hazihitaji kutikiswa zaidi.

Fidia: X ya rangi gani, na asiye na X?

Jambo hili linawagusa watu mfukoni kuliko lami yenyewe, na ndilo linaloeleweka vibaya zaidi.

Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ikipimwa kutoka katikati ya barabara. Ndiyo maana ukutani unaona X za rangi mbili. X nyekundu inamwambia mwenye jengo kwamba yuko ndani ya hifadhi ya zamani na hatalipwa. X ya kijani inamwambia kwamba amekutwa na sheria mpya katika zile mita 7.5 za nyongeza, na eneo lake likihitajika atalipwa. Upanuzi wa barabara mjini utakula kwanza nyekundu, halafu kijani. Kwenye mtaa wa maduka hiyo ni mistari miwili ya fremu, pande zote mbili.

Anayestahili kulipwa hathaminiwi tofali peke yake. Kanuni za fidia ya ardhi za 2001 zinataja thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, usafiri, malazi ya miezi 36 na faida ya biashara itakayopotea kwa miezi 36. Fidia ikichelewa kupita miezi sita, riba inaanza kuhesabiwa. Mwenye hesabu za biashara zilizoandikwa ana cha kumwonyesha mthamini, asiyeandika atakadiriwa. Kama una fremu, anza kuweka kumbukumbu zako sasa hivi, barabara ipite popote itakapopita.

Upande wa mchepuko, wanaochukuliwa ardhi ni wenye mashamba: minazi, mikorosho, miembe, mihogo. Nao wanathaminiwa. Nyumba zinazobomolewa kwa kawaida ni chache kuliko mjini, na hiyo ni faida kubwa ya mchepuko. Lakini kuna mtu anayeanguka katikati ya kanuni zote hizi: mwenye mgahawa uliobaki umesimama mtaani, haujaguswa hata ukucha, ila wateja wake wameondoka na barabara. Huyo halipwi chochote, kwa sababu ardhi yake haikutwaliwa. Mama lishe aliyepanga meza pembeni ya stendi naye halipwi, upande wowote utakaochaguliwa. Mlinganisho unaowasahau hawa wawili haujakamilika, na kwangu mimi wao ndio wanaoamua masharti ya mchepuko, kama nitakavyosema hapa chini.

Mtaa wa zamani utabaki wa nani?

Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa 2017. Mchepuko ukishakuwa ndio barabara kuu, kinachotarajiwa ni mtaa wa zamani kushuka daraja na kukabidhiwa TARURA, ambayo ina mtandao mrefu wa barabara na mfuko usiolingana nao. Mtaa ukikabidhiwa ukiwa na mashimo, mashimo yatakaa. Kwa hiyo mtaa utengenezwe kabla ya makabidhiano: mitaro, njia za miguu, taa, maegesho. Iwe sehemu ya mkataba uleule wa mchepuko, isiwe ahadi ya bajeti ijayo.

Kwenye kipengele hiki kuiacha barabara mjini kuna nguvu, lazima nikiri. Barabara kuu inayopita mlangoni kwako inazibwa mashimo mapema kwa sababu taifa zima linaihitaji.

Mji kuhamia mchepuko

Hofu nyingine ni mji kufuata lami. Iringa mji umekaa juu kilimani, barabara kuu ya Zambia inapita chini, Ipogolo. Huko chini pameota maduka, gereji na gesti, na hatimaye hata stendi kubwa ya mabasi ikajengwa Igumbilo, karibu na barabara. Morogoro nayo ilivutwa kuelekea Msamvu. Miji hiyo haikufa, lakini anayeshuka kwenye basi sasa anaanza kuhesabu nauli ya bajaji kabla hajafika mjini.

Mchepuko usio na udhibiti wa viwanja huwa mtaa mpya wa maduka ndani ya miaka michache. Fremu zinaota, matuta yanafuata, malori yanakwama tena, na mtaa wa zamani umebaki mtupu. Hasara mbili kwa gharama moja. Dawa yake ipo mikononi mwa halmashauri: kutopima viwanja vya biashara kando ya mchepuko, kuruhusu kuingia na kutoka sehemu chache tu, na kutenga eneo moja kwenye makutano kwa ajili ya maegesho ya malori, lenye vyoo, mabafu na vibanda vya kupangisha.

Ninachochagua

Nachagua mchepuko, ila uwe wa malori. Mabasi yaendelee kuingia mjini. Leseni za usafirishaji za LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, zinataja njia ambayo basi linatakiwa kupita, kwa hiyo stendi ya mjini ikiandikwa kwenye ratiba, basi linalazimika kuingia, kushusha na kupakia. Dakika kumi na tano anazopoteza abiria wa Tanga ni riziki ya vijana wa madirishani, bodaboda na mama lishe, na abiria mwenyewe anahitaji choo. Vibanda vya eneo la malori vipewe kwanza wale wawili niliowataja: mwenye mgahawa aliyeachwa na wateja na mama lishe asiye na karatasi ya fidia. Wapangiwe kwa orodha iliyobandikwa ofisi ya kata kabla ujenzi haujaanza, ili majina yasije yakabadilika njiani.

Mwenye fremu ya vitenge, duka la dawa, saluni au duka la vifaa vya ujenzi, wateja wako ni wenyeji. Mchepuko utakupunguzia kelele zaidi ya kukupunguzia mauzo. Mwenye gesti au kituo cha mafuta, wewe ndiye wa kuuliza maswali makali, na uulize mapema. Mwenye shamba upande wa magharibi, usiuze eka kwa bei ya leo kwa mtu anayekuja na gari asiyekuambia anataka kulima nini.

Nafasi ya kuyasema haya ipo kisheria. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mradi mkubwa wa barabara ufanyiwe tathmini ya athari, na wananchi washirikishwe. Mkutano ukiitishwa, uliza mambo manne: mabasi yatapita wapi, viwanja vya kando ya mchepuko ni vya nani, mtaa wa zamani utakabidhiwa katika hali gani, na watu wa mashambani watavukia wapi. Majibu yaingie kwenye muhtasari wa mkutano, na nakala ibaki serikali ya mtaa.

Nikiambiwa hakuna fedha ya mchepuko na barabara ya pwani inakuja hivyo hivyo, chaguo langu linabadilika. Hapo nitataka mtaa wetu upunguziwe mwendo hadi kilomita 30 kwenye eneo la soko na shule, vivuko vinyanyuliwe, malori yazuiwe saa za watoto kwenda na kurudi shule, na upanuzi wa njia nne usubiri. Njia nne katikati ya soko zingetuletea magari yote ya mchepuko, na fremu zenyewe zingekuwa zimeshavunjwa.